Chuo Kidogo, Chuo Kikubwa na Harusi ya Stanmore

Niliwahi kumwambia mzazi mmoja, ana kwa ana, ofisini kwangu Queensbury, kwamba binti yake amekubaliwa Marekani kwenda kusoma sanaa huria. Yule baba alinishukuru, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akarudi kwake Hayes. Siku mbili baadaye alikuwa mlangoni kwangu tena, safari hii hakunipa mkono. Ndugu zake wote walioko Mbeya walikuwa wameshapigiwa simu na kuambiwa kwamba Tumaini, msichana aliyeongoza fizikia shule nzima, anapelekwa ng'ambo kujifunza ngoma.

Vijana wangu, kosa hilo nililifanya nikiwa na miaka zaidi ya ishirini kazini. Nawaambia mapema ili msije mkadhani mnasoma maneno ya mtu aliyekuwa hodari siku zote. Kazi yangu ilikuwa ushauri wa wanafunzi. Nilikaa kwenye kiofisi chenye dirisha moja, hapa kaskazini-magharibi ya London, nikiwasaidia vijana wa kidato cha sita kuchagua chuo. Nimestaafu sasa. Najua baadhi yenu mnafikiria kuifanya kazi hii, na wengine mko upande wa pili wa meza, mna barua mbili mkononi na hamjui mjibu ipi. Nawaandikia nyote.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Harish, Mhindi wa Mwanza aliyehamia London akiwa kijana na kukaa Stanmore mpaka leo. Mimi ni mtu wa Moshi, lakini Kiswahili chake kilikuwa kinaninyoosha. Siku yangu ya kwanza alinikuta nimepanga viti viwili vikitazamana, meza katikati, kama kituo cha polisi. Akavisogeza vikae ubavu kwa ubavu, vyote vikitazama dirishani. Akaniambia kijana akiulizwa maisha yake huku anaangaliwa machoni husema lile analodhani unataka kulisikia, lakini akiwa anaangalia watu wanaegesha magari vibaya, atasema ukweli. Nilijaribu, na ni kweli. Nusu ya mambo makubwa niliyoyasikia katika kazi hii niliyasikia wakati mtu fulani nje anarudisha gari nyuma kuelekea kwenye nguzo ya taa.

Alinifundisha pia kuweka biskuti upande wa mzazi. Mzazi mwenye biskuti mdomoni hawezi kumjibia mtoto wake. Hizo biskuti ziwe kavu, zile za kutafuna muda mrefu. Mimi mwanzoni niliweka laini, za chokoleti, na wazazi waliendelea kusema.

Tena alinipa swali moja. Usimuulize kijana anataka kuwa nani, alisema, maana hajui, na wewe mwenyewe ulikuwa hujui. Muulize hivi: ni Jumanne, saa tisa alasiri, mvua inanyesha, huna darasa, uko wapi na unafanya nini? Wakati ule ofisi ilikuwa imejaa vitabu vizito vya vyuo, na kila kitabu kina picha ya vijana watatu wanacheka kwenye nyasi. Siku hizi vitabu havipo, kila kitu kiko kwenye simu, ila wale vijana watatu bado wanacheka palepale. Hakuna chuo duniani kilichowahi kupiga picha ya Jumanne ya mvua.

Sasa nirudi kwa Tumaini. Alizaliwa hapahapa London, baba yake msimamizi wa zamu kwenye ghala moja karibu na uwanja wa ndege, mama yake muuguzi. Alikuwa mtoto wao pekee. Mwalimu wake wa fizikia alimshawishi aombe vyuo vya Marekani, akaomba, na mwezi wa tatu zikaja barua mbili, zote zikiwa na ufadhili wa kutosha. Ya kwanza ilitoka kwenye chuo kidogo kilicho kwenye mji wa vilima, ambako darasa lina watu kumi na wawili, profesa anakualika nyumbani kwake kula, na miaka miwili ya mwanzo unasoma kila kitu kidogokidogo: hesabu, historia, falsafa, muziki, nyota. Ya pili ilitoka kwenye chuo kikuu cha jimbo, kikubwa kiasi kwamba kina mabasi yake chenyewe, kikosi chake cha zimamoto, na uwanja wa mpira unaoingiza watu wa wilaya nzima. Alitakiwa kujibu kabla ya mwezi wa nne kwisha.

Ile aina ya kwanza ya chuo ndiyo niliyoipa jina la sanaa huria mbele ya Baba Tumaini. Aliporudi kudai maelezo nilijaribu kurekebisha. Nilimwambia hapana, mzee wangu, siyo ngoma, maana yake ni elimu ya mapana. Akatafuna biskuti yake, akafikiri. Kisha akasema kama ni mapana anayoyatafuta, basi chuo kikubwa ndicho kipana zaidi, na suala limekwisha. Nilikaa nikitazama dirishani. Nje hakukuwa hata na mtu anayeegesha gari.

Suala halikwisha, kwa sababu Mama Tumaini alitaka kile kidogo. Hoja yake ilikuwa moja na hakuibadilisha wiki tatu nzima: mtoto akiacha kula, nani atajua? Kwenye chuo cha watu wachache mtu ataona sahani haikuguswa. Kwenye chuo chenye mabasi, mtoto atakonda mpaka aishe na basi litaendelea na safari. Baba Tumaini naye alisema mtoto mwenye akili anahitaji nafasi, kwamba yeye anafanya kazi kwenye ghala ambalo ukitaka kuliona lote unapanda kigari, na hajawahi kusikia mtu mkubwa akilalamika kwamba mahali ni pakubwa.

Tumaini mwenyewe alikaa katikati yao akisema "sawa, Baba" na "sawa, Mama". Nilipomuuliza habari ya Jumanne ya mvua aliniambia atakuwa maktaba. Nikaandika: maktaba. Nikaona ni jibu zuri. Kumbukeni hilo, nitalilipia baadaye.

Siku kumi kabla ya mwisho wa mwezi, wazazi walikuwa wameacha kusemezana kwenye gari. Mama alikuwa anakuja ofisini kwangu kwa basi na baba kwa gari, wote wanatoka nyumba moja. Nikampigia simu Mzee Harish, ambaye wakati huo alikuwa amestaafu na anapanda nyanya Stanmore. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nimewajaza watu karatasi, na karatasi hazina harufu. Wapeleke mahali, alisema. Wapeleke kwanza mahali pakubwa kupindukia, halafu mahali padogo kupindukia, uone nani anatoka na uso gani. Akaongeza kwamba mtoto wa ndugu yake anaoa Jumamosi na wamealika watu mia nane, kwa hiyo wanne zaidi hakuna atakayewahesabu.

Mama Tumaini aliposikia mpango huu alisema sawa, ila mahali padogo atapachagua yeye. Kila Jumapili alasiri alikuwa anakutana na kikundi cha sala cha Kiswahili, watu tisa, kwenye sebule ya rafiki yake Mama Grace, hapo Hayes. Tukakubaliana. Jumamosi chuo kikubwa, Jumapili chuo kidogo. Msinicheke. Ninyi mmesoma njia za kisasa, mna madodoso ya kwenye kompyuta yanayotoa duara la rangi. Sisi tulikuwa na harusi.

Harusi ilikuwa pale Stanmore, kwenye jengo kubwa la sherehe lenye kumbi mbili, moja chini na moja juu. Baba Tumaini alitushusha mlangoni, mimi, mkewe na Tumaini, akaenda kutafuta pa kuegesha. Alikuwa amevaa suti ya kijivu na amebeba zawadi aliyoisisitizia mwenyewe, seti ya hotpoti tatu kwenye boksi lenye utepe. Tukapanda juu. Mzee Harish akatupokea, akatutafutia meza.

Ikapita robo saa. Ikapita nusu saa. Chakula kikaanza kupita. Mama Tumaini akapiga simu ya mumewe, haikupokelewa. Nikamwambia pengine maegesho yamejaa. Ilipofika saa nzima, Mama Tumaini hakuwa anakula tena. Alikuwa anatazama mlango na kupanga midomo yake kwa namna ambayo wake wa watu wote duniani wanaipanga.

Mzee Harish ndiye aliyempata. Alishuka chini kuuliza walinzi, akasikia ngoma za dhol kwenye ukumbi wa pili, akachungulia. Kulikuwa na harusi nyingine kabisa, ya familia ya Kisingasinga kutoka upande wa Nairobi. Baba Tumaini alikuwa katikati ya duara la wazee, amevishwa kilemba cha rangi ya machungwa, mikono juu, anacheza mabega. Alikuwa ameshakula mara mbili. Alikuwa ameshapiga picha ya familia, upande wa bwana harusi, mstari wa mbele. Hotpoti alikuwa ameshazikabidhi kwa bibi harusi mwenyewe, na akatoa hotuba fupi kwa Kiswahili, ambayo babu yao mmoja aliitafsiri kwa Kipanjabi na watu wakapiga makofi.

Alipoletwa juu alikuwa bado na kilemba. Alijaribu kumweleza mkewe kwamba kila aliyemsalimia alimwita ankal, yaani mjomba, na kumpa kiti, na kwamba alikuwa anashangaa tu kwa nini sisi tumechelewa kupanda. Simu alikuwa ameiacha ndani ya koti la mvua, na koti hilo lilikuwa garini. Mama Tumaini alimvua kilemba polepole, akakikunja vizuri, akakiweka kwenye mkoba wake.

Lakini nilikuwa nimekuja kumwangalia Tumaini, na nilimwangalia. Saa nzima ile baba yake alipopotea, msichana alikuwa ameondoka kwenye meza yetu na kwenda kukaa na watu asiowajua hata mmoja. Nilimwona anachora kitu kwenye kitambaa cha karatasi, na mwanamume mmoja mwenye miwani anachora juu ya mchoro wake, wanabishana. Baadaye nilijua yule bwana anatengeneza mashine za kupigia picha za hospitalini. Nilimwona Tumaini akicheka mpaka akashika meza. Miaka miwili nilikuwa namfahamu, sikuwahi kuyaona meno yake ya nyuma. Mimi, mtaalamu, niliandika kichwani: hajazoea vinywaji vyenye gesi.

Jumapili tulikwenda kwa Mama Grace. Usiku wa kuamkia siku hiyo Mama Tumaini alikuwa amemwandikia ujumbe rafiki mmoja tu, kwa siri, kuhusu mumewe na ile harusi. Tulipoingia sebuleni saa tisa, watu wote tisa walijua. Walijua rangi ya kilemba. Mzee mmoja aliyefungua sala aliomba kwa sauti nzito kwa ajili ya ndugu yetu aliyepotea, na akaombea pia hotpoti zifike salama zilikokwenda. Baba Tumaini aliinamisha kichwa. Mabega ya Mama Grace yalikuwa yanatikisika, na sidhani ni Roho aliyemshukia.

Halafu wakamgeukia Mama Tumaini. Mmoja akataka kujua kwa nini alimwacha mwenzake aegeshe peke yake. Mwingine akasema amekonda. Mwingine akasema hapana, amenenepa, ila usoni amechoka, na je, anapima presha? Wa nne alikuwa na dawa ya mizizi kwenye mkoba. Watu tisa, vijana wangu, na kila mmoja aliona sahani yake.

Tumaini je? Tumaini alikuwa malaika. Alileta viti kutoka jikoni, akamimina chai bila kuuliza nani anaweka sukari maana alikuwa anajua, akabeba mtoto wa mtu mpaka akalala, akamsomea bibi mmoja barua kutoka halmashauri na kumwandikia majibu, akasoma neno, akaosha vyombo. Kila mtu alisema ni binti wa kupigiwa mfano. Nilikaa kwenye kona na kikombe changu, nimeshiba kabisa. Nikajiambia, haya, jibu hili hapa. Huyu ni mtoto wa mahali padogo.

Jumatatu asubuhi wazazi walikuja pamoja, kwa gari moja, jambo lililonipa matumaini makubwa. Wakakaa. Baba Tumaini akasema amefikiri sana na ameona kweli. Amekaa saa nzima kwenye harusi ya watu, amekula, amecheza, amepigwa picha, na hakuna mtu hata mmoja aliyegundua kwamba yeye si wao. Mtu anaweza kuishi miaka minne hivyo. Jana kwa Mama Grace walimwombea kwa jina. Mtoto wake aende chuo kidogo.

Mama Tumaini akaweka biskuti chini. Akasema yeye pia amefikiri, na mtoto wake hatakwenda kukaa miaka minne na watu wanaojua presha yake. Aende kikubwa, akapumue.

Wakageukiana. Ugomvi ukaanza upya, uleule, maneno yaleyale, ila wamebadilishana viti. Nilisikia Baba Tumaini akisema, nani atajua kama anakula, nikajua sasa nimewaharibu kabisa. Tumaini alikuwa katikati. Alisema "sawa, Mama". Alisema "sawa, Baba".

Nikafanya kitu ambacho nilipaswa kukifanya mwezi mmoja nyuma. Niliwaomba wazazi wakanisubiri nje, nikawapa na sahani nzima ya biskuti. Nikageuza viti viwili vikatazama dirishani. Nje dada mmoja alikuwa anajaribu kuingiza gari kwenye nafasi ya pikipiki.

Nikamwambia Tumaini kwamba nimemwona Jumapili, na kwamba kwa maoni yangu mahali padogo panamfaa sana.

Akasema, "Anti, kila nikija hapa karatasi ya chuo kidogo unaiweka juu."

Nikatazama meza. Ilikuwa juu. Nikajaribu kukumbuka siku ambayo haikuwa juu, nikakosa. Mimi nilisomea ualimu kwenye chuo cha watu wachache kule Kilimanjaro, mkuu wa chuo akijua hata jina la mama yangu, na miaka yote hiyo ofisini nilikuwa naisukuma ile furaha yangu mezani, mbele ya watoto wa watu, nikiita ushauri. Nilichukua zile karatasi mbili nikazilaza sambamba.

Akaendelea, huku anamwangalia yule dada wa gari. "Jumapili uliniona nikifanya nini?"

Nikamhesabia: viti, chai, mtoto, barua, vyombo.

"Hicho ndicho ninachokifanya popote nikijulikana," akasema. "Najua nani anaweka sukari. Nikienda kule kwa watu kumi na wawili, wiki ya pili nitakuwa najua nani anaweka sukari, na wiki ya tatu nitakuwa naosha vyombo vya profesa. Watanipenda sana. Nitamaliza miaka minne nikiwa sijui mimi mwenyewe napenda nini. Nataka mahali ambapo siwezi kumfurahisha kila mtu hata nikijaribu."

Nikamuuliza kuhusu Jumanne ya mvua. Nikamwambia aliniambia atakuwa maktaba.

Akasema alisema maktaba kwa sababu aliniona nimeshika kalamu. Ukweli ni kwamba hajui atakuwa wapi, na hilo ndilo linalompendeza.

Nikamwambia basi ni lazima awaambie wazazi wake yeye mwenyewe, mimi sitasema badala yake hata nusu neno. Alikunja mikono, akavialisha vidole, akasema hajawahi kuwaambia kitu ambacho mmoja wao hakitaki. Nikamwambia leo ana bahati, maana wamebadilishana, kwa hiyo akichagua chochote, kila mmoja atakuwa ameshinda mara moja na kushindwa mara moja. Hiyo ndiyo hesabu ya maana zaidi niliyowahi kufanya katika kazi yangu, na niliifanya kwa bahati.

Wakaingia. Tumaini akasimama, jambo lililowashtua, maana watu hawasimami kwenye kiofisi kile, mtu akisimama hakuna pa kupita. Akasema anakwenda kile kikubwa, na ameamua yeye. Baba yake akatazama mkono wake mwenyewe kana kwamba ameshika kitu amesahau ni nini. Mama yake, ambaye dakika kumi kabla alikuwa anakipigania kile kikubwa kwa nguvu zote, akaanza kulia.

"Nani atajua kama umekula?" akauliza.

"Mimi, Mama," Tumaini akasema. "Mimi nitajua."

Kisha Baba Tumaini akainuka, akaona hana pa kupita, akaketi tena, na kwa sababu alikuwa ameketi akamshika binti yake mkono.

Kazi yetu ina sheria ndogo ambayo Mzee Harish aliniambia na mimi nawaachia: kijana akishachagua, mfanye aandike barua ya kukikataa kile kingine siku hiyohiyo, yeye mwenyewe, kabla hajafika nyumbani. Kukubali ni rahisi, mtu anabonyeza tu. Kukataa ndiko kunakomfanya aamini amechagua. Tumaini aliandika pale mezani kwangu. Wale wa chuo kidogo walimjibu kesho yake, kwa jina lake, kurasa mbili, wakimtakia heri na kumuuliza kama yule paka wake aliyemtaja kwenye insha amepona. Wale wa chuo kikubwa walimpongeza wiki mbili baadaye. Barua ilianza, Mpendwa Bwana Tumani. Mama yake alitaka kuwapigia simu. Tumaini aliibandika kwenye friji.

Nilistaafu mwaka uleule. Ningependa kuwaambia kwamba kila kitu kilikwenda vizuri tangu siku ya kwanza, lakini mwezi wa kwanza pale chuoni alimpigia mama yake analia mara nne kwa wiki, na mama yake akanipigia mimi mara tano. Fizikia ilikuwa darasa la watu mia tatu na alikuwa hamjui hata aliyekaa kushoto kwake. Nilikaa na simu yangu jikoni nikiwaza kwamba pengine ningeiacha ile karatasi juu. Mshauri yeyote atakayewaambia hakosi usingizi kwa mawazo kama hayo anawadanganya.

Halafu ikaja Jumanne moja, na sikuibuni hiyo Jumanne, alinieleza mwenyewe. Alipanda basi la chuo lisilo lake, akapitiwa na usingizi, akashushwa mwisho wa njia. Mwisho wa njia kulikuwa na zizi. Chuo kile kina ng'ombe wa maziwa zaidi ya mia mbili, wana wataalamu wao na wanafunzi wao, na wanauza hadi aiskrimu. Tumaini, mtoto wa Hayes, aliyekuwa hajawahi kumkaribia mnyama mkubwa kuliko paka, aliingia kujikinga mvua. Mwanamke mmoja mwenye buti akamwambia kama amekuja kujitolea ashike ndoo hii. Akaishika. Muhula uliofuata alikuwa anaamka saa kumi na moja alfajiri kwenda kukamua, na mwaka wa pili akaiacha fizikia, akaanza masomo ya maandalizi ya udaktari wa mifugo.

Baba yake alinipigia simu. Sikuijua sauti yake mwanzoni.

"Mwalimu," alisema, "unajua mimi natoka Rungwe?"

Nikamwambia najua.

"Unajua kwetu asubuhi, kabla ya shule, mtoto anafanya nini?"

Sikujua. Akanieleza. Kwao kulikuwa na ng'ombe sita na yeye alikuwa mtoto wa kwanza, na kila siku ya utoto wake aliamka kwenye baridi ile ya Tukuyu, akakamua, akaingia darasani ananuka, watu wakacheka. Akasoma kwa hasira. Akapanda ndege kuja London ili asimwone ng'ombe tena maisha yake yote. Hakuwahi kumsimulia hata mkewe. Na sasa mtoto wake wa pekee amepita Marekani, kwenye chuo chenye uwanja wa mpira, kwenda kukamua.

Nilijiandaa kupokea lawama, maana nilistahili nyingine nyingi. Lakini hakuwa amepiga kulaumu. Alitaka niwe shahidi. Tumaini alikuwa na ng'ombe mmoja anayepiga teke kila akikamuliwa upande wa kulia, maprofesa wamejaribu hiki na kile, na yeye Baba Tumaini amemwambia binti yake kwenye simu kwamba apashe mikono yake joto kwanza, aanze na chuchu za nyuma, na amsemeshe. Ng'ombe ametulia. Sasa kila Jumapili, alasiri, baada ya sala, watu wote tisa wa kwa Mama Grace huweka simu katikati ya meza kumtazama yule ng'ombe.

Mwaka jana wazazi walikwenda kumtembelea. Baba Tumaini alirudi na picha akaja kunionyesha nyumbani. Amevaa ile suti ya kijivu, amechuchumaa chini ya ng'ombe mweusi na mweupe, tai imetupwa begani, na nyuma yake kuna wanafunzi kama ishirini wa Kimarekani wanaandika kwenye madaftari. Alisema mashine ilikuwa inaoshwa na akawaomba dakika tano tu. Zikawa saa mbili. Mkewe kwenye picha hayumo, kwa sababu ndiye aliyekuwa anapiga.

Nikamuuliza, baada ya miaka yote hiyo, aliwaonaje ng'ombe wa Marekani.

Akaitazama picha muda mrefu.

"Wakubwa," akasema. "Lakini maziwa ya kwetu yalikuwa mazito zaidi. Nimewaambia. Wameandika."